Waliyoyaona Msibani

Maelezo matatu yalikuwa mezani na Inspekta Mwanvita Pazi alikuwa ameyasoma mpaka yamemchosha. Yalikuwa mazuri mno, na hilo ndilo lililomkera. Mashahidi watatu wa kijiji cha Kinole walisema walimwona Abeid akishuka njia ya shambani asubuhi ile mjomba wake alipouawa. Alikuwa amevaa koti la mvua la njano, kofia ya koti kaivuta kichwani, anatembea haraka “kama anakikimbia kivuli chake.” Maneno hayohayo, mara tatu, kwa vinywa vitatu. Kivuli gani, wakati siku ile Kinole haikuliona jua toka asubuhi hadi jioni?

Askari mwenye uzoefu anajua kwamba watu wawili wakishuhudia ajali moja, mmoja atakuambia gari lilikuwa jeupe na mwingine atakuapia lilikuwa la kijivu. Ukiona watatu wanapatana mpaka kwenye mzaha, ujue kuna kitu.

Mrakibu Benedikto, bosi wake, hakutaka kusikia habari ya kivuli. Kwake kesi ilikuwa imeiva. Marehemu Mzee Hafidhi alikuwa mkuu wa ukoo, msimamizi wa mashamba yote ya karafuu na iliki ya upande ule wa mlima. Kwa Waluguru urithi wa namna hiyo hupita kwa mama, kwa hiyo anayerithi si mtoto wa marehemu bali mtoto wa dada yake. Mtoto huyo, aliyekwisha tajwa mbele ya wazee, alikuwa Abeid. Mzee amekutwa chini ya korongo, na daktari anasema alipigwa kichwani kabla ya kuanguka. Abeid kachoka kusubiri, kamaliza kazi, basi.

“Halafu shahidi wa kwanza ni mama yake mzazi,” alisema Mrakibu. “Mama mzazi, Mwanvita. Atamsingizia mwanawe ili apate nini?”

Bosi alimpa mpaka Ijumaa, siku ambayo jalada lingekwenda kwa mwendesha mashtaka. Wote wawili walijua maana yake. Kesi ya mauaji haina dhamana. Akishasomewa shtaka, kijana atakaa mahabusu miaka mpaka kesi isikilizwe, na ikisikilizwa, shahidi wa kumfunga kamba shingoni atakuwa mama yake.

Alianza na Abeid mwenyewe, chumba cha mahojiano. Kijana alirudia yale aliyosema siku aliyokamatwa: asubuhi ile alikuwa Bigwa, chini karibu na mji, anabadilisha cheni ya pikipiki gereji, na habari ya kifo ilimkuta hukohuko. Koti la njano alilokamatwa nalo alipewa na Omari, ndugu yake wa ukoo, siku ya mazishi, kwa sababu mvua ilikuwa kubwa na yeye hakuwa na la kujifunika. Mwanvita akamuuliza kama kuna jambo lolote aliloliona Bigwa siku ile, jambo ambalo mtu mwingine anaweza kulikumbuka. Abeid akainama. Akasema hakuna. Alilisema haraka mno, na Mwanvita akaliweka moyoni.

Huko Bigwa fundi wa gereji alimkumbuka vizuri sana. Alikuja wiki ile, kama si wiki ile basi iliyofuata, au labda ilikuwa kabla. Mwanvita alimshukuru, akavuka barabara.

Ng’ambo ya gereji kulikuwa na duka la vifaa vya ujenzi la mtu anayeitwa Severini, na juu ya mlango wake kamera ya ulinzi ikitazama barabarani. Askari aliyetangulia kufika hapo alikuwa ameandika mstari mmoja tu: kumbukumbu za kamera zimefutwa. Na kweli zilifutwa. Severini alieleza kwamba kile kiboksi cha kurekodia kilianza kukwamakwama, fundi akaja akakifomati, kikakwama tena, naye kwa hasira akakichomoa na kukitupa chini ya kaunta. Toka siku hiyo hakijawashwa.

“Hakijawashwa hata mara moja?” Mwanvita aliuliza.

“Dada, nimekiwekea ndoo ya rangi juu.”

Mwanvita aliiondoa ndoo ya rangi mwenyewe.

Alikipeleka kiboksi kwa Jastin, mhadhiri wa kompyuta katika chuo kimoja pale mjini. Jastin alikuwa mwembamba, mwongeaji, wa kutafuna karanga wakati akifanya kazi. Alitoa diski ya ndani, akaiunganisha na mashine yake, na wakati ikisomwa alimpa Mwanvita somo bila kuombwa. Watu hudhani kufuta ni kuchoma moto, alisema. Ukifomati diski, kinachofutwa ni ule mpangilio unaoiambia mashine kitu gani kiko wapi. Vitu vyenyewe vinabaki palepale.

“Chukulia tumeng’oa vibao vya mitaa yote ya Morogoro,” alisema. “Nyumba zipo, watu wamo ndani wanapika. Mgeni ndiye hafiki. Ila ukianza kujenga juu ya nyumba za watu, hapo ndipo zinapotea. Huyu mwenye duka angekiacha kiendelee kurekodi, tusingepata kitu. Hasira zake zimetuokoa.”

Mwanvita akamuuliza, nusu kwa utani, kama binadamu naye yuko hivyo, kwamba anachodhani amekisahau kimo humo ndani kinasubiri. Jastin akatikisa kichwa. Binadamu ni kinyume, alisema. Diski ukiisoma mara mia haibadiliki. Binadamu kila anapokumbuka jambo analitoa, analishikashika, halafu analirudisha na alama za vidole vyake. Kesho akilikumbuka, anakumbuka lile la jana alilolirudisha. Na akiwa amelisimulia mbele ya watu, anarudisha na ya watu.

“Kwa hiyo anayesimulia sana ndiye anayekumbuka vibaya?”

“Ndiye anayekumbuka kwa uhakika,” Jastin alisema. “Hilo ni jambo jingine.”

Mwanvita aliacha kucheka. Alikuwa ameanza kufikiria matanga ya Mzee Hafidhi.

Picha zilitoka vipande vipande. Barabara, gereji, manyunyu, na Abeid amechuchumaa kando ya pikipiki, fulana ya bluu, mfuko wa plastiki kichwani. Hakuwa na koti. Furaha ya Mwanvita ilidumu mpaka alipoangalia pembeni mwa picha. Tarehe ilisema Januari mosi, mwaka ambao hata duka la Severini lilikuwa halijajengwa. Umeme ukikatika, saa ya kiboksi hurudi mwanzo, Jastin alieleza, na watu hawajisumbui kuirekebisha. Loo, mashine imetunza kila kitu isipokuwa siku yenyewe. Mwendesha mashtaka angeiona tarehe ile angecheka mpaka machozi.

“Sogeza mbele,” Mwanvita alisema.

Jastin alisogeza. Fuso iliyojaa mananasi ikaingia upande wa kushoto, ikateleza, ikalala ubavu katikati ya barabara. Watu wakaibuka kila upande. Na miongoni mwao, Abeid mwenye fulana ya bluu, amekumbatia mananasi kifuani, anarudi gereji mbio huku akichungulia nyuma.

Mwanvita aliegemea kiti akapumua. Kumbe ndiyo hiyo siri. Kijana aliogopa kesi ya mananasi, akafunga mdomo kwenye kesi ya kunyongwa. Ajali ya fuso ilipimwa na trafiki, na trafiki hawakosei tarehe kwa sababu lazima mtu atozwe faini. Alipiga simu wakamsomea daftari lao: ilikuwa asubuhi ileile, saa zilezile ambazo mashahidi watatu walikuwa wakimwona Abeid Kinole.

Angeweza kuishia hapo. Mrakibu angeguna, Abeid angetoka. Lakini Mzee Hafidhi alikuwa bado amekufa, na watu watatu wasio waongo walikuwa bado wamemwona mtu. Alhamisi asubuhi Mwanvita alipanda mlimani.

Kwanza alitaka kujua maelezo yalichukuliwa vipi. Askari wa kituo kidogo alimweleza bila wasiwasi. Alikwenda siku ya mwisho ya matanga, baada ya khitma, na kwa heshima ya msiba aliwahoji hapohapo, mmoja mmoja. Mmoja mmoja maana yake nini? Maana yake mmoja anaongea, wenzake wamekaa mkeka uleule wanakunywa chai.

Basi ndiyo hayo. Kila kundi la waombolezaji linapofika, desturi ni kupewa habari: alifikwa na nini, alikutwa wapi, nani alimwona mwisho. Hukai msibani bila kuambiwa. Kwa hiyo kisa kile kilisimuliwa asubuhi, mchana na jioni, kwa waliotoka Bigwa, kwa waliotoka mjini, hata kwa ndugu waliokuja na basi kutoka Kisaki. Na msemaji wa msiba, aliyekaa mlangoni akiwapokea watu, alikuwa Omari. Omari naye alikuwa mtoto wa dada mwingine wa marehemu. Abeid akiondoka, anayefuata ni yeye.

Mwanvita alikwenda kwanza kwa wale mashahidi wawili wengine majumbani kwao. Said, mkulima wa iliki, na Sharifa, mchuuzi wa ndizi, walimpa kisa kilekile, kivuli na yote. Hakuwabishia. Aliwauliza swali moja tu: maneno ya kivuli, nani aliyasema kwanza? Said alikunja uso, akasema labda yeye mwenyewe. Kisha akasema hapana, ni Omari. Sharifa naye, baada ya kufikiri, alisema ni Omari, alivyokuwa akiwahadithia wageni, na watu wakacheka kidogo pamoja na huzuni.

Kwa Mwanaasha, mama yake Abeid, alikwenda mwisho. Alimkuta barazani anapukuchua pilipili manga kwenye ungo, mwanamke mnene kiasi, macho yamevimba kwa kulia. Mwanvita akamwamkia. Aliitikia marahaba bila kuinua uso, akamwonyesha pa kukaa.

Kisa chake kilikuwa kifupi. Walikuwa watatu pale njia panda, wanapanga ndizi za kusubiri gari. Mtu akatoka shambani, akapita karibu nao akashuka. Alikuwa Abeid. Hakutaka kusema, alisema Mwanaasha, ila kaka yake ameuawa na yeye hawezi kula kiapo cha uongo hata kwa mtoto aliyemzaa. Alikuwa halali usingizi. Lakini alimwona.

“Mama, alipopita, alikuamkia?”

Vidole vya Mwanaasha vilisimama juu ya ungo.

“Alikupa shikamoo?” Mwanvita alirudia.

“Abeid hajawahi kunipita bila shikamoo,” alisema polepole. “Hata akinuna.”

“Na siku ile?”

Akasema hakumbuki sauti. Anakumbuka koti, anakumbuka uso, sauti hakuna. Akaonekana kushtushwa na jambo hilo yeye mwenyewe, maana toka siku ile alikuwa hajaulizwa na mtu, na pale msibani kisa hakikuwa na salamu.

“Uso ulikuwaje, mama?”

“Umelowa. Maji yanamchuruzika puani, mpaka kidevuni. Namwona hivi ninavyokuona.”

Mwanvita akamkumbusha taratibu kwamba asubuhi ile yalikuwa manyunyu tu, ndizi hata hawakuzifunika. Mvua ya kuchuruzika puani ilinyesha lini? Mwanaasha alihesabu siku kwa vidole. Ilinyesha siku ya mazishi. Ilinyesha wanaume walipotoka makaburini, na Abeid akaingia uani na koti la njano, amelowa chapachapa, akamkumbatia mama yake.

“Uso ni wa siku hiyo,” Mwanvita alisema. “Wa njia panda hukuuona. Mliona koti.”

Mwanaasha alisukuma ungo pembeni, pilipili zikamwagika sakafuni. Hakuziokota. Alisema haiwezekani, akasema tena kwa sauti ndogo zaidi, kisha akauliza kama huyo mtu hakuwa Abeid, alikuwa nani.

Hilo ndilo lililompeleka Mwanvita kwa mjane. Kati ya watu wote waliohojiwa, Mwajuma, mke wa Mzee Hafidhi, hakuwamo. Yumo edani, haonani na wanaume wasio maharimu zake, na askari wote waliopanda mlimani walikuwa wanaume. Walisimama uani, wakatuma pole, wakashuka. Mwanvita alivua viatu, akaingia.

Mwajuma alizungumza kwa utulivu wa mtu aliyekwisha lia yote. Asubuhi ile mumewe alitoka na koti lake la njano, koti la mtumba, kama ya watu wengi tu pale kijijini. Je, hakushangaa halikurudi na maiti?

“Nilijua mmelichukua ninyi, pamoja na nguo zake,” alisema.

Mwanvita alifungua simu akamwonyesha picha ya koti lililokuwa stoo ya vielelezo mjini, lile lililovuliwa Abeid mwilini. Mwajuma aliisogeza simu karibu na macho. Mkono wa kulia, chini ya kwapa, kulikuwa na mshono wa uzi mweusi, mbaya, wa mkono. Akasema huo ameushona yeye, taa ilikuwa imezimika, ndiyo maana umekwenda upande. Halafu akauliza limetoka wapi.

Omari alikamatwa nyumbani kwake alasiri ile na hakuleta fujo. Kwanza alisema koti alilinunua mnadani, akampa Abeid kwa huruma. Alipoonyeshwa mshono alisema basi alilikuta limetundikwa kwa marehemu. Alipoambiwa kwamba marehemu alitoka nalo asubuhi na halikurudi mpaka yeye Omari alipolileta makaburini, aliomba maji. Alikunywa glasi yote. Kisha akasema walibishana kuhusu kutajwa kwa Abeid, kwamba mzee alimtukana, kwamba hakukusudia. Koti alilivaa ili ajifunike uso, maana kule njia panda kulikuwa na watu. Kumvika Abeid lilikuwa wazo la baadaye.

“Na mama yake?” Mwanvita alimuuliza. “Ulimfundisha aseme nini?”

“Sikumfundisha kitu,” Omari alisema. “Nilikuwa nawasimulia wageni, namuuliza, si ulikuwepo, shangazi? Si ulimwona mwenyewe? Siku ya kwanza alisema hajui. Siku ya pili alikaa kimya. Siku ya tatu akawa anasimulia yeye.”

Mwanvita alilirudia neno lile kichwani njiani kote wakati wa kushuka. Hata jina la “shangazi” halikuwa la Mwanaasha. Dada wa mama kwao ni mama. Omari alikuwa amekwishamvua hata huo umama.

Ijumaa Mrakibu Benedikto alitazama picha za fuso mara mbili, akacheka alipoona mananasi, akatia sahihi. Mwanaasha alikuja mwenyewe kituoni kumchukua mwanawe. Wakati karatasi za kumtoa zikiandikwa, Mwanvita alimwita ofisini akamwonyesha ile picha kwenye kompyuta, kwa sababu aliona ana haki ya kuiona. Mwanaasha aliitazama kwa makini. Alipomwona Abeid akichungulia nyuma na mananasi kifuani, alicheka, akajifuta macho na ncha ya kanga. Akasema huyo ni Abeid kabisa, toka mdogo ana mkono mrefu.

Kisha hakuinuka.

“Mwanangu,” alisema. “Hiyo mashine mlisema ilifutwa mkairudisha.”

“Ndiyo, mama.”

“Na mkitaka, mnaweza kuifuta kabisa? Isirudi?”

Mwanvita alisema inawezekana.

“Mimi je? Nimeiona picha. Nimesikia ya Omari. Najua hakuwa yeye, naapa najua. Lakini nikifumba macho namwona anashuka, uso wake uleule, katoka kumuua kaka yangu. Nitaishi naye vipi nyumba moja?”

Kwa mara ya kwanza toka aanze kesi ile Mwanvita aliona aibu ya kazi yake. Angeweza kumwambia kile anachokiona kitapotea chenyewe. Alimwambia ukweli, kwamba hakifutiki, na kwamba kila atakapokikumbuka kitazidi kukaa.

Mwanaasha aliitikia kwa kichwa. Alijifunga kanga vizuri.

“Basi itabidi niwe namwangalia yeye mwenyewe, macho wazi,” alisema.

Alitoka nje. Abeid alikuwa amesimama uani na mfuko wa nguo zake, na mama alimshika uso kwa mikono miwili akamtazama muda mrefu, bila kupepesa. Kijana akauliza kuna nini, mbona anamwangalia hivyo. Mama akamwambia hakuna kitu, waende wakatafute gari.